Leseni ya kuwinda kanga bila hesabu ya kanga ni karatasi tupu

Mjadala wa leseni za kuwinda ndege ukizuka, wengi huku Eastlands hudhani ni mambo ya Laikipia na Tana River. Mimi naona unatuhusu, kwa sababu kitoweo kinachonaswa porini hutafuta mnunuzi mjini.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, lakini kanga na kwale waliendelea kupigwa kwa leseni miaka mingi baadaye. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 nayo ikafanya kuwinda kwa ajili ya kitoweo kuwa kosa. Ukimruhusu mwenye bunduki na pesa za ada, utamwambia nini kijana wa kijijini anayeshtakiwa kwa tanzi?

Huku mitaani leseni ya ndege tumeshaiona. Mwaka 2013 na 2014 watu walishikwa na wazimu wa kware, ambaye Pwani twamwita tombo. Yai lake liliuzwa bei ya mayai kadhaa ya kuku, na vizimba vikajaa hadi kwenye roshani za nyumba. Shirika la KWS lilitaka kila mfugaji awe na leseni. Nia ilikuwa njema, maana ndege wa porini angeweza kunaswa na kuuzwa kama wa kufugwa. Lakini katika majirani zangu sikuona mnunuzi hata mmoja aliyeuliza leseni. Mwaka 2014 bei ikaanguka, na watu wakaachana na kware.

Kutouliza kuna hatari yake. Kule Bunyala, magharibi mwa nchi, watafiti wameonyesha jinsi ndege wa porini wanavyouawa kwa dawa ya wadudu aina ya Furadan, kisha wakauzwa kama kitoweo.

Kwa hiyo, kabla ya leseni yoyote, ndege wahesabiwe kila eneo. Msimu wa mvua, kanga wanapotaga, ufungwe. Idadi ya kupigwa kwa siku iwekwe. Kororo wa msitu wa Arabuko-Sokoke asiguswe. Wanakijiji wapate sehemu ya ada, maana wao ndio wanaojua nani anatega usiku.

Nasi wa mjini tumuulize muuzaji ndege katoka wapi. Akikosa jibu, tusinunue.