Digrii Iliyosomwa Usiku Nayo ni Digrii



Mimi ni mtu wa reli, na masomo yangu yaliishia darasa la nane katika shule ya misheni. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba naandika haya kwa kujivunia elimu. Naandika kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale waliocheka.

Katika stesheni yetu yupo karani wa mizigo. Yeye na mimi tuliandikwa kazi mwaka mmoja. Kwa muda wa miaka sita alisoma masomo ya mbali, yaani hakukaa chuoni: vitabu na mafunzo vilimfuata nyumbani na katika simu yake, na mtihani alikwenda kuufanya mjini. Sisi tulipokuwa tukicheza drafti baada ya zamu, yeye alikuwa na kitabu chini ya taa ya ofisi ya mizigo. Tulimwita Profesa wa Magunia. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyelitoa jina hilo. Mwisho wake akapata shahada ya biashara, tena ya chuo kinachotambuliwa humu nchini, na sisi tukanyamaza.

Mwaka jana ndugu huyu alitaka kuendelea na shahada ya pili, ile iitwayo uzamili, katika mambo ya uchukuzi. Akaomba ruhusa ya siku moja, akavaa koti, akaenda katika chuo kimoja kikubwa. Karani wa dirishani akazitazama karatasi zake, akaona zimeandikwa masomo ya mbali, akazirudisha. Akasema, "Hizi za kusomea nyumbani hatuchukui." Hakusema zaidi. Mwenzetu akarudi siku ile ile, na wiki nzima hakutaja habari hiyo kwa mtu.

Sasa nauliza: yule karani alikuwa akisema kanuni ya chuo, au alikuwa akisema maoni yake mwenyewe? Maana kanuni zilikuwa zimeandikwa, na Jumapili moja tulikaa tukazisoma pamoja, yeye akinieleza Kiingereza kilichonishinda. Zilitaka shahada ya kwanza ya chuo kinachotambuliwa. Zilitaka iwe ya daraja la pili la juu. Au kama ni daraja la pili la chini, basi mwombaji awe amefanya kazi miaka kadhaa katika mambo hayo anayotaka kuyasoma. Vyuo vingi vya nchi hii vina kanuni za namna hii. Hatukuona mahali popote palipoandikwa kwamba mwanafunzi lazima awe amelala katika bweni.

Wenzangu, angalieni neno lile la miaka ya kazi. Hapo ndipo mfanya kazi ana kitu ambacho kijana aliyetoka chuoni jana hana. Karani aliyehesabu shehena za mabehewa miaka kumi anajua mahali mizigo inapokwama na kwa sababu gani. Lakini chuo hakitalijua jambo hilo asipoliandika yeye mwenyewe. Mwenzetu alikuwa ameandika "karani" basi, kana kwamba aliona haya. Ilimpasa aseme alikuwa akishughulika na mizigo gani, hesabu gani, watu wangapi chini yake.

Tena jambo hili la kusomea mbali si geni. Tangu mwaka 1858 University of London ilikubali kuwafanyia mtihani watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake, na shahada waliyopata ikawa ya London. Huku kwetu, tangu mwaka 1949 wanafunzi wa Makerere walisomea shahada za London ile ile. Ni kweli wao walikuwa na walimu mbele yao, si sawa kabisa na mwenzetu wa taa ya ofisi. Lakini hapana aliyewaambia wazee wale kwamba shahada zao ni bure kwa kuwa hawakupata kukanyaga lango la chuo kilichozitoa.

Na mtazameni Nelson Mandela, ambaye kila mtoto anamjua. Alipofukuzwa Fort Hare alikwenda Johannesburg, akafanya kazi ya karani katika ofisi ya mawakili, na usiku alisoma Alexandra kwa mshumaa. Shahada yake ya kwanza aliipata kwa University of South Africa, kwa njia ya masomo ya mbali. Aliimaliza mwishoni mwa mwaka 1942. Mwaka 1943 chuo cha Witwatersrand kilimwandika kusoma sheria, masomo ambayo mtu aliingia akiwa na shahada ya kwanza mkononi. Walimpokea, ingawa katika idara ile ya sheria alikuwa Mwafrika peke yake. Hapo baadaye hakufaulu kuyamaliza masomo yale, na nalisema hili ili tusidanganyane kwamba kuingia ndiko kumaliza. Shahada ya sheria aliipata mwaka 1989 akiwa kifungoni, na ni University of South Africa tena iliyompa, kwa masomo ya mbali.

Siku hizi njia ni nyingi kuliko za wakati ule. Open University ya Uingereza ilianza kufundisha mwaka 1971. Majirani zetu wa Tanzania waliweka Chuo Kikuu Huria chao kwa sheria ya mwaka 1992, nacho hutoa hata uzamili na udaktari. Sisi tulichelewa, lakini Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwezi wa Agosti mwaka 2023.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Wapo watu wauzao karatasi. Mtu hulipa pesa, hasomi neno, na baada ya miezi michache anapewa shahada yenye muhuri mkubwa kuliko wa serikali. Watu hao ndio waliotuharibia jina, na kwa sababu yao karani wa dirishani humwona kila aliyesoma kwa mbali kuwa mwizi. Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza uliza kama chuo kinatambuliwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa hapa Kenya, nayo haifichwi. Kama chuo ni cha nchi ya nje, uliza mapema kama serikali yetu itaikubali shahada hiyo na kuilinganisha na zetu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika jambo hili atapoteza na fedha pia. Kadhalika wale wanaotaka sayansi wajue kwamba vitabu peke yake havitoshi. Chuo kitauliza ni wapi ulipofanya kazi ya maabara, na lazima uwe na jibu.

Sasa nirudi kwa Profesa wetu, maana taabu kubwa haikuwa yule karani. Tulipomshurutisha aombe tena, aliandika kwa mkuu wa idara yenyewe, akauliza kwa adabu kama kanuni inakataza shahada yake. Alijibiwa kwa barua kwamba haikatazi, ajaze fomu. Barua hiyo aliitia katika mfuko wa nailoni, anayo hata leo. Nawashauri wote: neno la dirishani lisikurudishe nyumbani mpaka uwe umelipata kwa maandishi.

Basi fomu ile ilitaka barua mbili za walimu wanaomjua vizuri. Hapo alikwama. Kijana wa bwenini ana walimu aliowauliza maswali darasani, waliomwona akikua. Huyu walimu wake walikuwa majina tu. Mmoja aliwahi kuisikia sauti yake kwa simu mara mbili. Aliniuliza, "Nitamwambia nini mtu asiyeijua sura yangu?"

Niliona fedheha ya kushindwa kumjibu. Jibu alilipata mwenyewe. Alikuwa ameweka kazi zake zote zilizosahihishwa katika sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na ile insha ndefu ya mwaka wa mwisho, juu ya mizigo inayokawia stesheni, na mwalimu ameijaza maandishi mekundu pembeni. Akampelekea mwalimu huyo nakala ya insha pamoja na maandishi yake mwenyewe yale mekundu, akamkumbusha. Mwalimu alikumbuka, akaandika barua nzuri. Ya pili chuo kilikubali iandikwe na mkubwa wake wa kazi. Kwa hiyo ninyi mnaosoma sasa msitupe karatasi zenu, wala msingoje mwaka wa mwisho ndipo mwalimu ajue kwamba mko duniani. Mwandikieni. Mwulizeni maswali. Kama kuna siku za kukutana, nendeni, hata kama nauli ni ya kukopa.

Ndugu huyu amekubaliwa. Lakini sikuchukua kalamu ili nimsifu tu. Masomo ya shahada hiyo ni jioni za Ijumaa na mchana wa Jumamosi, naye huwekwa zamu kama sisi sote. Katika ile miaka sita kila mtihani aliufanyia katika siku zake za livu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 hutupa livu isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku hizo ni za kupumzika, za kwenda kuona mama mzazi, za kupanda mahindi. Yeye hakupumzika. Mke wake aliniambia kwamba watoto walizoea kumwona baba yao kwa mgongo tu.

Kwa hiyo nasema hili ni jambo la Chama. Wengine watasema Chama ni cha mishahara, na digrii ni mambo ya mtu na nyumba yake. Mimi sikubali. Tom Mboya alipokuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, mwaka 1955 alikwenda kusoma mwaka mzima Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanya kazi. Wakubwa wetu wa zamani walijua kwamba mtu akikaa mezani na tajiri bila kujua hesabu, atarudi na soda. Leo tunaye mwenzetu mmoja anayetaka kujua hesabu za uchukuzi kwa undani, na tunamwachia abishe mlango peke yake.

Naomba mambo mawili katika mapatano yajayo: siku za mtihani zenye malipo, zisizokatwa katika livu, kwa mwanachama yeyote asomaye katika chuo kinachotambuliwa, na ruhusa ya kubadilishana zamu kwa maandishi, isiyotegemea kama mkubwa wa zamu ameamka vizuri. Wanawake wa ofisi ya tikiti, ambao wawili wao wanasoma sasa na kulea watoto, waliniambia nisisahau hilo la zamu.

Nitalileta neno hili katika mkutano wa tawi mwisho wa mwezi. Masomo ya Profesa yanaanza Septemba, na mpaka sasa zamu zake za Ijumaa nimezichukua mimi.