Mtoto Aliyesema "Majicho": Funzo Kutoka Katika Lugha ya Kubuniwa

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wanachuo wetu wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, somo la sarufi ya Kiswahili halikosi kutajwa. Wengi hulichukulia kuwa ni somo la kukaririsha: umoja upande wa kushoto wa ubao, wingi upande wa kulia, na watoto wakiitikia kwa sauti moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sarufi ni kazi ya kufikiri kabla ya kuwa kazi ya kukumbuka, na kwamba mwalimu asiyelitambua jambo hili huweza kumwaibisha mtoto kwa sababu ya akili yake mwenyewe. Ushahidi wetu tutautoa mahali ambapo huenda msomaji hakupatarajia, yaani katika lugha iliyobuniwa na mtu mmoja.

Kwanza tueleze kisa kilichotufanya tushike kalamu. Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa la tatu, tukimkagua mwanachuo mmoja. Alikwisha kuandika ubaoni: jina – majina, jembe – majembe, jibu – majibu. Kisha akauliza wingi wa jicho. Msichana mmoja aliinuka upesi, akajibu, "Majicho." Darasa zima likaangua kicheko. Mwanachuo naye akatabasamu, akamwambia aketi, akamteua mwingine aliyesema "macho", na huyo akapigiwa makofi. Yule msichana hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia. Nasi tukaandika katika fomu yetu kwamba mwalimu anaongoza darasa vizuri na kwamba wanafunzi wanashiriki. Tulikuwa njiani kurudi chuoni tulipotambua kwamba mtoto aliyechekwa ndiye aliyefanya hasa kile ambacho somo lilimtaka afanye. Alitazama mifano mitatu, akavuta kanuni, akaitumia juu ya neno jipya. Yule aliyepigiwa makofi huenda alikumbuka tu.

Sasa tuitazame lugha tuliyoitaja. Mnamo mwaka 1887, mjini Warsaw, daktari wa macho aliyeitwa L. L. Zamenhof alichapisha kijitabu chenye lugha aliyoitunga mwenyewe. Alikuwa amezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambako Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani walikaa pamoja, kila kundi na lugha yake, na aghalabu bila ya kupatana. Alitumaini kwamba lugha nyepesi isiyokuwa mali ya taifa lolote ingewasaidia watu kuelewana. Katika kijitabu hicho alijiita Doktoro Esperanto, maana yake "daktari mwenye kutumaini", na jina hilo likawa jina la lugha.

Mswahili akiisikia Kiesperanto atashangaa kukuta mambo anayoyajua. Irabu zake ni tano: a, e, i, o, u. Herufi zake ni 28, na kila herufi ina sauti moja tu, hivyo neno husomwa kama lilivyoandikwa. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama vile sisi tunavyosema mwalimu au kitabu. Kweli, yako maneno yatakayomshinda kwanza, kwa kuwa Kiesperanto huruhusu konsonanti kufuatana kwa namna ambayo ulimi wetu haukuizoea. Hata hivyo, kanuni ya kuyasoma haibadiliki.

Sarufi nayo imejengwa kwa viungo vichache. Kila jina huishia kwa -o, na kila kivumishi kwa -a. Wingi huonyeshwa kwa -j, ambayo husomeka kama y yetu. Libro ni kitabu, libroj ni vitabu. Bona libro ni kitabu kizuri, bonaj libroj ni vitabu vizuri. Tazama jinsi kivumishi kinavyolifuata jina lake katika wingi, kama kizuri kinavyogeuka kuwa vizuri. Kitenzi hubadilika kwa wakati bila kujali nafsi: mi legas ni ninasoma, mi legis ni nilisoma, mi legos ni nitasoma. Kazi ya -as, -is na -os ndiyo kazi ya -na-, -li- na -ta- katika Kiswahili. Kadhalika, kutokana na lerni, yaani kujifunza, hupatikana lernejo, shule, na lernanto, mwenye kujifunza. Sisi nasi kutokana na soma tumepata somo, msomaji, msomi, somesha na someka.

Hapo ndipo tunapofika penye shabaha yetu. Katika lugha ya daktari huyu wa macho, jicho ni okulo, na wingi wake ni okuloj. Jino ni dento, na wingi wake ni dentoj. Mtoto aliyejifunza kanuni mara moja hawezi kuchekwa kwa kuifuata, maana kanuni ya wingi haimgeuki. Laiti yule msichana wetu angekuwa anajifunza lugha ile, angepigiwa makofi yeye.

Je, kosa lilikuwa lake au la Kiswahili? Tunasema kwamba halikuwa la yeyote. Lugha isiyotungwa na mtu mmoja hubeba historia ya wote walioisema. Katika jicho na jiwe, shina ni fupi mno, silabi moja tu. Ji- huliegemeza katika umoja, na katika wingi huondoka, tukapata macho na mawe. Katika jino, ma- ilikutana na i ya shina, a na i zikaungana zikawa e, tukapata meno. Lakini jina limeshikamana na ji- yake hata katika wingi. Mtoto hakuwa na njia ya kuyajua hayo kutokana na mifano mitatu aliyoandikiwa ubaoni. Tena majicho si neno lisilokuwapo: hutumika kwa macho makubwa ya kutisha.

Wala tusidhani kwamba njia aliyoipita msichana yule ni ya watoto peke yao. Neno kitabu tulilipokea kutoka Kiarabu, ambamo ki ya mwanzo si kiambishi bali ni sehemu ya shina, na wingi wake ni kutub. Wazee wetu waliisikia ki-, wakaihesabu pamoja na kiti na kisu, wakasema vitabu. Vivyo hivyo madereva wa Tanzania walipokea maneno ya Kiingereza ya kuwaamuru washike kushoto, wakapata kipilefti, na wingi wake vipilefti. Basi lile ambalo tunaliita kosa kinywani mwa mtoto, kinywani mwa umma limekuwa Kiswahili sanifu.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Wako watakaosema kwamba ukimsifu aliyekosea utalilea kosa. Sisi hatusemi kwamba majicho liachwe pale ambapo macho yanatakiwa. Tunasema kwamba kuna kosa la kubahatisha na kuna kosa la kufuata kanuni, na kwamba hayastahili dawa moja. Mtoto anayesema "wajicho" ahitaji kurudishwa kwenye mifano. Mtoto anayesema "majicho" ahitaji kuambiwa kwanza kwamba amefikiri sawasawa, kisha aonyeshwe kwamba neno hili lina njia yake. Wengine watasema kwamba muda hautoshi. Swali moja, "Umelipataje jibu hilo?", halichukui hata nusu dakika.

Hatupendekezi Kiesperanto kifundishwe katika shule za msingi. Mizizi ya maneno yake mengi imetoka Ulaya, na mtoto wetu angelazimika kuikariri yote. Tunachopendekeza ni zoezi moja, ambalo mwanachuo anaweza kuliingiza katika andalio la somo lake bila zana nyingine isipokuwa chaki.

Andika ubaoni maneno mawili pamoja na maana zake: libro ni kitabu, libroj ni vitabu, domo ni nyumba, domoj ni nyumba nyingi. Watoto watacheka kusikia kwamba kwa watu fulani domo ni nyumba; waache wacheke. Kisha andika dento, jino, uwaulize watasemaje meno. Wakishajibu, waulize ni nani aliyewafundisha. Watagundua kwamba hakuna aliyewafundisha, bali wamejifundisha. Hapo ndipo uingie katika Kiswahili. Waandikie jina na jembe, wavute kanuni wenyewe, kisha uwaletee jicho, jiwe na jino kama mtego wa makusudi. Watakapokosea wote pamoja, hapatakuwa na wa kuchekwa. Watafuteni pamoja maneno mengine yanayokataa kanuni, myaorodheshe pembeni mwa ubao, na orodha hiyo watoto wataikumbuka kwa kuwa wameitafuta wao.

Mwanachuo asiliogope jibu lenye kosa, maana hilo humwonyesha kilichomo katika fikra za mtoto kuliko jibu lililo sahihi. Fomu ile ya ukaguzi tulikwisha kuitia sahihi, na msichana yule hatukumwona tena. Tungepewa nafasi ya kuijaza upya, tungemwandikia mwanachuo wetu sentensi moja: kabla ya kumwambia mtoto aketi, muulize amefikaje hapo alipofika.