Kudai Haki Si Kudeka

Yatima hadeki: ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Nami niliishika kauli hiyo hata nikaitumia vibaya. Kijana niliyemlea aliponiuliza cheti chake cha kuzaliwa na shamba la marehemu babake, nilimkemea, nikamwita mtovu wa adabu.

Leo vijana waliokulia kwa walezi na katika makao ya watoto wayanena hayo hayo hadharani. Hawaombi shibe wala nguo. Wadai vyeti, urithi wao, na kusikizwa pale panapoamuliwa watakaa na nani.

Je, huko ni kudeka? Sheria ya Watoto ya nchi yetu ya mwaka 2022 yaagiza mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni yake, yapimwe kwa kadiri ya umri na upevu wake. Na kafala, malezi yetu Waislamu, imetajwa humo kwa jina. Nasi chuoni tulikwisha kufunzwa kwamba mlezi hamfutii mtoto nasaba yake, wala mali ya yatima si yake mlezi. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa na babu yake, kisha ami yake.

Walezi wenzangu, nasaba na mali ya mtoto ni amana mikononi mwetu. Mwenyewe akija kuuliza, hajibiwi kwa kemeo, hurudishiwa chake.