Wapiga picha za maua waanze na lenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri vijana wa Mbeya na Iringa wanaotaka kununua kamera ya kwanza ya dijitali ya SLR ili wapige picha za maua.

Wengi humaliza fedha zote kwenye kamera mpya, wakabaki na lenzi iliyokuja nayo. Lenzi hiyo hailisogelei ua dogo hata likajaa katika picha. Ni heri kununua kamera iliyotumika, na fedha inayobaki iende kwenye lenzi ya makro ya milimita 90 au 100. Hiyo huonyesha ua kwa ukubwa wake halisi, nawe ukiwa mbali kidogo, bila kukanyaga mengine. Asiyemudu anunue mirija ya kurefusha lenzi. Bei yake ni nafuu.

Jambo hili si anasa. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ina aina zipatazo 45 za okidi. Viazi vya okidi za nyanda zetu vimekuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Picha iliyo wazi, yenye tarehe, ni ushahidi wa mali tunayoipoteza. Kwa nini tuwaachie wageni peke yao kazi hiyo?

Mpenda Maua,
Mbeya.