Msituuzie Blokhin Kama Mfano wa Uaminifu

Wasee, hii stori imenichosha. Kila msimu wa uhamisho, kijana fulani akisaini klabu mpya, lazima mtu abandike picha ya kitambo ya Oleg Blokhin na kuandika: "Wachezaji wa zamani walikuwa waaminifu. Huyu alikaa Dynamo Kyiv karibu miaka 20. Nyinyi wa siku hizi ni pesa tu."

Hebu tulieni kidogo.

Uwezo wake sina shida nao. Huyu jamaa alizaliwa Kyiv 1952 na akafunga mabao 211 kwenye ligi kuu ya Muungano wa Kisovieti. Timu ya taifa alicheza mechi 112 na kufunga mabao 42. Zote ni rekodi, na hakuna wa kuzivunja, maana nchi yenyewe ilivunjika 1991. Mwaka 1975 Dynamo ilikutana na Bayern Munich kwenye Super Cup ya Ulaya. Mechi mbili, mabao matatu, yote ya Blokhin. Mwaka huo huo akabeba Ballon d'Or. Franz Beckenbauer alikuwa wa pili, Johan Cruyff wa tatu.

Sasa niambieni, mchezaji bora wa Ulaya akiwa na miaka 23, ni klabu gani ya Italia au Uhispania ingemkataa? Na ni gani ilimpata? Hata moja.

Sababu si mapenzi. Serikali ya Kisovieti haikuwa inaachilia nyota wake hivyo tu. Kwa makaratasi, nchi ile haikuwa hata na wachezaji wa kulipwa. Mtu aliandikishwa kama mwanafunzi, mfanyakazi au askari, halafu kazi yake halisi ni mpira. Dynamo yenyewe ilitoka kwa chama cha michezo cha polisi na watu wa usalama. Kutoka nje ya nchi ilikuwa lazima serikali ikubali. Sasa hapo unamwambia nani unataka kuhama?

Cheki wale wawili aliowashinda. Cruyff alikuwa ashatoka Ajax kuenda Barcelona 1973. Beckenbauer akatoka Bayern kuenda New York Cosmos 1977. Mbona hao hamuwaiti wasaliti? Mnawaita magwiji, na ni sawa.

Blokhin alikuja kuachiliwa 1988, akiwa na miaka 35, serikali ikianza kulegeza kamba. Akaenda Vorwärts Steyr ya Austria, kisha Aris Limassol ya Cyprus. Mwaka huo huo wa 1988, mwenzake wa Dynamo, Aleksandr Zavarov, akaenda Juventus akiwa na miaka 27. Msiniambie Zavarov hakuwa mwaminifu. Yeye alizaliwa tu miaka tisa baadaye, mlango ukamfungukia mapema.

Najua mtasema, "Lakini Blokhin aliipenda Kyiv." Inawezekana kabisa. Ni kwao. Alifunga kwenye fainali ya Kombe la Washindi 1975 dhidi ya Ferencváros, na 1986 akafunga tena kwenye fainali dhidi ya Atlético Madrid. Mtu asiyejali timu yake hafanyi hivyo. Pengine hata angepewa ruhusa angebaki. Lakini hatutawahi kujua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Uaminifu ni kuona mlango uko wazi na bado ubaki. Ukimsifu mtu kwa kutoondoka pale alipofungiwa, unachosifu ni kufuli.

Na ubaya ni vile mnaitumia hiyo kufuli kuwachapa vijana wa leo. Kijana ana miaka 20, familia nzima inamtegemea, goti likienda kazi imeisha. Akipata mkataba mzuri mahali pengine mnamuita mlafi, mnamletea Blokhin usoni.

Mkitaka kumheshimu Blokhin, bandikeni yale mabao matatu dhidi ya Bayern. Na kijana akitaka kuhama, mwacheni ahame.