Uvimbe wa pafu ukichomwa, usiitupe picha

JUZI kijana mmoja wa chuo alifika ofisini mwetu na bahasha kubwa kwapani. Ndani mlikuwa na picha za mapafu ya babake. Mzee huyo, ambaye moyo wake ni dhaifu na hangestahimili kupasuliwa, alipelekwa India, akachomwa uvimbe wa saratani kwa joto. Mwezi mmoja baadaye alipigwa picha hapa nyumbani, na lo! doa lilikuwa kubwa kuliko la awali. Familia nzima ikaanza kulia.

Pengine nawe una jamaa aliyetibiwa hivyo. Basi futa machozi kwanza, usome.

Katika tiba hii daktari hupenyeza sindano ndefu kifuani hadi ndani ya uvimbe, huku akiongozwa na skani. Mawimbi ya redio au ya maikrowevu hupita kwenye sindano na kuchemsha uvimbe. Joto likivuka nyuzi 60, chembechembe hufa papo hapo. Ripoti za kwanza za tiba hii katika mapafu ya binadamu zilichapishwa mwaka wa 2000.

Daktari hodari hachomi uvimbe peke yake. Huchoma pia ukingo wa pafu zima unaouzunguka, milimita tano hadi kumi hivi, ili mabaki yasisalie. Ndiyo maana picha ya mwezi wa kwanza huonyesha doa kubwa. Hilo ni jeraha la moto, na picha hiyo ndiyo inayopaswa kuwa kipimo cha picha zote zitakazofuata. Kosa la yule kijana (na si lake, kwani hakuna aliyemweleza) lilikuwa kuilinganisha na picha ya kabla ya tiba.

Hata hivyo, sitakudanganya kwamba saratani hairudi. Umewahi kuona hindi likichomwa barabarani penye upepo? Upande mmoja huiva, mwingine hubaki mbichi. Mapafuni, damu ipitayo kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na uvimbe hubeba joto na kwenda nalo, na hewa nayo huzuia joto lisienee. Chembechembe za upande huo huponea. Uvimbe unaozidi sentimita tatu ndio unaosumbua zaidi.

Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulifuatilia wagonjwa 51 wenye saratani changa ya mapafu ambao hawangeweza kupasuliwa. Miaka miwili baada ya kuchomwa, karibu 70 katika kila 100 walikuwa hai. Lakini waliokuwa hawajarudiwa na uvimbe mahali palepale ni kama 60 tu katika kila 100.

Sasa, utajuaje? Usingoje kikohozi wala maumivu, kwani mara nyingi uvimbe unaorejea hauna dalili. Jeraha linapaswa kuanza kunywea kuanzia mwezi wa tatu hivi. Likianza kupanuka baada ya miezi sita, au kinundu kikichomoza ukingoni, au sehemu fulani ikifyonza ile dawa ya rangi inayodungwa wakati wa skani, mwambie daktari achunguze zaidi, hata kwa kutoa kipande cha nyama kikapimwe. Ukingoni ndiko saratani hupenda kuanzia tena.

Na ikigunduliwa mapema, mlango haujafungwa. Uvimbe mdogo waweza kuchomwa mara ya pili, au kupigwa mionzi. Tatizo ni wagonjwa wanaorudi kutoka ng'ambo wakifurahia kupona, wakasahau skani ya kila miezi mitatu kwa kuwa ni ghali. Ni ghali kweli, sikatai.

Nilimuuliza kijana ziliko diski za skani iliyopigwa siku ya matibabu. Akashika kichwa: zilibaki India. Alipoondoka alikuwa ameshaomba simu yetu kuziitisha.