Daraja Huanzia Chini

Acha niseme mapema tusipotezeane muda: ukichukua daraja la mawe la kijijini Uingereza ukalibandika juu ya reli ndogo ya mfano unayoiita Nairobi, umeharibu kazi. Daraja lenyewe si baya. Ni zuri kabisa, mpaka limepakwa ukungu wa kijani kwenye viungo vya mawe. Shida ni kwamba linajibu swali ambalo hakuna mtu wa Nairobi ameuliza.

Sisi tunaojenga reli ndogo ni wachache hapa mjini, na wengi wetu tunajengea juu ya meza ileile tunayolia chakula. Ndiyo maana tunapenda skeli ya N, yaani 1:160, ambapo mita moja ya kweli inakuwa milimita sita na kitu. Skeli hii ina bahati moja ambayo Mkenya angepaswa kuishangilia. SGR, yenye upana wa milimita 1,435, inakaa vizuri kwenye reli ya N ya milimita 9. Ile ya zamani ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, inakaa kwenye reli ya milimita 6.5 inayouzwa kwa ajili ya skeli ndogo zaidi, ya Z. Reli zetu zote mbili zinaweza kupita kwenye meza moja kwa skeli moja. Sasa niambie, mtu anapewa zawadi kama hiyo halafu anaipitisha chini ya daraja la kondoo?

Watasema, "Lakini ndiyo yanayopatikana." Kweli. Ukitafuta daraja la barabara la skeli ya N utapata ya Faller kutoka Ujerumani, utapata ya karatasi ngumu ya Metcalfe kutoka Uingereza, na ni kazi safi. Ila chukua rula. Kontena la kawaida lina urefu wa kwenda juu wa mita 2.59. SGR yetu hubeba kontena mbili zilizopandanishwa. Kwa skeli ya N hizo mbili peke yake ni milimita 32, na behewa hujalihesabu. Daraja lililopimwa kwa treni fupi za Ulaya litakwangua kontena la juu. Mimi huacha nafasi ya milimita 45 kutoka kichwa cha reli hadi tumbo la daraja. Ongeza milimita 7 za unene wa sakafu ya barabara, na gari linatakiwa kupanda milimita 52. Kwa maisha ya kweli, hiyo ni zaidi ya mita nane.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza, na si ugomvi wa mawe wala rangi.

Paketi ya dukani inakuuzia kipande cha katikati tu, kile kinachopita juu ya reli. Inakuachia wewe ujue barabara itafikaje pale juu. Piga hesabu. Kwa mwinuko wa asilimia tano, milimita 52 zinahitaji zaidi ya mita moja ya meza upande mmoja, na mita nyingine upande wa pili. Meza yangu yote ina mita 1.2. Kwa hivyo watu wengi hufanya nini? Wanakata. Barabara inapanda kama ukuta, au inaishia kwenye picha ya mawingu iliyobandikwa ukutani, na daraja linabaki linaelea. Linapendeza kwenye picha za simu. Hakuna matatu duniani ingelipanda.

Najua, kila modeli hufupisha. Hata mimi nafupisha. Kona ya reli yenye nusu kipenyo cha sentimita 25 ni mita 40 kwa ukweli, na hakuna treni ya masafa inayokata kona hiyo. Sidai usafi wa malaika. Nauliza tu: angalia tunachokata kwanza. Treni tunaipa nafasi yake. Stesheni tunaipa. Miti tunaipanda mmoja mmoja kwa kibano. Anayekatwa kwanza, kila mara, ni yule anayetaka kuvuka.

Sasa mweke mtu. Mtu mzima katika skeli ya N ni milimita 10 au 11, karibu na punje ya mchele. Mjengee kivukio cha waenda kwa miguu juu ya reli hiyohiyo. Hata ukiifanya sakafu iwe nyembamba, atapanda mita nane. Kwa kidato cha sentimita 15, hizo ni ngazi zaidi ya 50 kupanda, na zaidi ya 50 kushuka. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mwinuko wa kawaida wa moja kwa kumi na mbili utamtaka aende mita 96 akipanda na mita 96 akishuka. Karibu mita 200 za jasho, ili avuke reli ambayo kwa chini ingemchukua hatua chache tu.

Mimi sikusoma hilo kwenye ripoti ya mtu. Nililikata kwa wembe, ngazi moja moja, kwenye karatasi ya manila, na kufikia ngazi ya thelathini nilikuwa nimeelewa kitu kuhusu Thika Road. Vivukio vya juu vilijengwa pale, na bado watu walivuka chini, na polisi wakaja kuwakamata, na sisi wenye simu tukaandika mtandaoni kwamba Wakenya ni wakaidi. Ukaidi gani? Mama mwenye kilo 20 za viazi kichwani anapiga hesabu ileile niliyopiga mimi kwa rula, tofauti ni kwamba yeye anaipiga kwa magoti.

Na mahali ambapo hakuna daraja kabisa, hesabu ni mbaya zaidi. Oktoba 2013, pale Mutindwa, treni iligonga basi la abiria kwenye makutano ya reli na barabara, na watu wakafa. Mji huu ulizaliwa na reli. 1899 ulikuwa kambi ya wajenzi wake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Kibera bado watu wanatembea juu ya mataruma kwenda kazini. Ukijenga Kibera kwenye meza yako bila watu hao kwenye reli, umejenga mahali pengine.

Tusidanganyane kwamba hatujui njia nyingine. Tsavo, SGR ilijengewa vivuko vya chini vya wanyama. Reli ilipandishwa ili tembo apite chini yake, tambarare, bila kupanda chochote. Ndani ya Mbuga ya Nairobi reli imebebwa juu ya nguzo kwa takriban kilomita sita. Sina kinyongo na tembo, wapiganiaji wake walifanya kazi yao na wakasikilizwa. Viko hata vivuko vya watu na mifugo chini ya tuta la SGR. Ninachosema ni hiki: wahandisi walijua kwamba mnyama mzito hapandi ngazi, kwa hivyo treni ndiyo ikapanda. Mama wa viazi ni nani asifikiriwe hivyo mjini?

Rudi mezani uone jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi. Treni inataka mita saba za nafasi. Mtu anayepita chini ya reli anataka mita mbili na nusu tu, ambazo kwa skeli ya N ni milimita 16. Usinunue ubao mtupu ukabandika reli juu yake. Weka kwanza tabaka la stairofomu la milimita 50, ile nyeupe inayokuja na televisheni. Pitisha reli juu yake, kisha chonga ardhi ishuke, badala ya kujenga barabara ipande. Kivuko cha watu kinatoka pale bila ngazi hata moja. Barabara ya magari nayo, ikipita chini ya reli iliyoinuka, inaokoa ule mwinuko wote wa mita moja, na meza yako inapumua.

Najua mtakachosema: "Kivuko cha chini Nairobi? Utaporwa, na mvua ikinyesha utaogelea." Hoja ni ya haki. Kivuko chenye kona na giza ni mtego. Lakini kilicho kifupi, kilichonyooka, ambacho ukisimama mdomoni unaona mwanga wa upande wa pili, ni mlango tu. Na maji yana dawa yake inayoitwa mtaro. Chonga mtaro pia. Ni milimita tatu.

Na ikiwa lazima barabara ipite juu, basi ijenge nzima. Msasa wa kijivu unatosha kuwa lami. Nguzo zitoke kwenye vijiti vya aiskrimu vilivyobandikwa viwili viwili na kupakwa rangi ya saruji. Kila njia ya gari iwe milimita 22. Halafu uache milimita 9 kila upande kwa anayetembea, na usizifanye maegesho ya boda. Kama meza haitoshi kwa miinuko yote miwili, punguza stesheni. Ndiyo, punguza kitu unachokipenda. Huo ndio uchungu ambao mipango ya mji haitaki kuusikia, na wewe unaweza kuusikia bure, kwa wembe na gundi.

Kuna atakayeniambia, "Buda, ni mchezo tu, tulia." Mchezo, sawa. Lakini mchezo ndio mahali pekee ambapo wewe na mimi tumepewa mji mzima na hakuna mtu wa kutuzuia. Hakuna tenda, hakuna mkopo, hakuna mheshimiwa wa kukata utepe. Tukipata uhuru huo wote na bado tukamjengea treni njia nzuri na mtembeaji tukamsahau, hatuna mtu wa kumlaumu.

Kwa hivyo kabla gundi haijakauka, chukua yule mtu wa milimita kumi, mwekee mzigo kichwani, msimamishe pale daraja lako linapoanzia, chini. Ukimwonea aibu, chukua wembe uanze upya.